Kompyuta Iliyokuwa Ikikesha

Marehemu mama yangu, aliyekuwa na desturi ya kuondoka kitandani kila usiku wa manane ili asali tahajudi kabla majogoo hayajawika, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniarifu kwamba kompyuta yangu hailali. "Mwanangu," aliniambia asubuhi moja tulipokuwa tukinywa chai barazani, "ile mashine yako saa nane za usiku naisikia ikivuma. Siku nyingine huvuma kitambo kidogo ikanyamaza kabla sijatoa salamu, siku nyingine haikomi mpaka alfajiri." Nilimjibu kwa heshima kwamba nilikuwa nimeilaza kwa mkono wangu kabla ya kuingia chumbani, na kwamba yamkini alichokisikia ni friji, naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindana kwa maneno, alinyamaza akajimiminia kikombe cha pili. Kila niukumbukapo unyamavu ule naona haya, kwa sababu ushuhuda wake ulikuwa kamili, wenye saa yake na tofauti zake, nami niliutupa bila ya kuupima.

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, mjini Tanga, katika moja ya zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, baada ya kustaafu ualimu, kwa muradi mmoja tu: kukusanya majina ya samaki, ya nyavu, ya pepo na ya viungo vya chombo, kama yasemwavyo na wavuvi wa pwani yetu, kabla wazee wayajuao hawajatangulia mbele ya haki. Kazi hiyo ilinilazimu kuwa na faili nyingi wazi kwa wakati mmoja, sauti za wazee niliowarekodi upande mmoja, orodha zangu upande wa pili, na barua za watu waliokuwa wakinisahihisha upande wa tatu. Na kuzifunga zote kila usiku ili nizifungue tena kila asubuhi niliona ni mfano wa mtu anayefumua mkeka jioni ili ausuke upya kesho yake. Ndiyo maana sikuwa nikiizima. Nilikuwa nikiilaza.

Kulaza kompyuta si kuizima, na tofauti hii yafaa ielezwe kwa makini, maana wengi wa wenye kompyuta hawaijui, nami nilikuwa mmoja wao. Kompyuta ikilazwa, karibu viungo vyake vyote hukatiwa umeme: kioo huingia giza, diski husimama, feni zake hunyamaza, na ule ubongo unaokokotoa huachishwa kazi, na kikubwa kinachobaki kikipewa tone la umeme ni kumbukumbu ya muda, ambayo imejengwa kwa vijichembe vya kuhifadhi chaji vidogo mno, visivyoweza kushika chaji yake kwa kitambo chochote cha maana. Kumbukumbu ya namna hii, ambayo Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968, huvuja kama mtungi wenye ufa, na sharti kila safu yake ijazwe upya ndani ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 katika kila sekunde, usiku na mchana, ama sivyo yote yaliyomo hutoweka. Kwa hiyo hata katika usingizi wake kuna kazi ndogo isiyokatika, kama pumzi ya mtu aliyelala. Uko na usingizi mzito kuliko huo, ambamo yaliyomo kumbukumbuni huandikwa kwanza diskini na ndipo umeme ukakatwa, lakini kuamka kwake huchukua muda, nami sikuwa nikiutumia.

Jambo lililonifanya hatimaye nisadiki kwamba kuna taksiri halikuwa neno la mama, bali mita ya umeme. Sisi tulikuwa tukilipa kwa LUKU, na mtu aliyezoea kuingiza zile namba 20 kwenye mita hujua kwa moyo umeme wa nyumba yake hukaa siku ngapi. Ulianza kuisha kabla ya siku zake. Baadaye tulipoipima kompyuta kwa kipimo kinachochomekwa ukutani, tuliona kwamba ikiwa macho pasi na kazi yoyote, pamoja na kioo chake, hula wati 70, na ikiwa imelala hula wati 3. Na kama ingekesha saa zote 10 za usiku, kwa siku 30, hesabu hiyo ingekuwa yuniti 21 dhidi ya chini ya yuniti moja. Kwa nyumba iliyokuwa ikijitahidi isivuke kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi ili isipoteze bei nafuu ya wenye matumizi madogo, hata sehemu ya yuniti hizo 21 si kitu cha kupuuzwa.

Basi nilianza kutafuta sababu, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Wakati ule alikuwa akiishi nasi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akisoma kidato cha nne, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo alikuwa akilala sebuleni, hatua tatu kutoka meza ya kompyuta. Alikuwa kijana mpole, mpenda kusikiliza muziki, na mara mbili tatu nilikuwa nimempa ruhusa aitumie kompyuta kwa masomo yake. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Asubuhi moja nilipoikuta mashine imeamka, nilimwita nikamwuliza kwa sauti ya mwalimu, ile sauti ambayo huuliza ilhali jibu limekwisha kuamuliwa, ni kitu gani alichokuwa akikitazama usiku. "Wallahi, mjomba, sijaigusa," alisema. Nikamwambia asiape jina la Mwenyezi Mungu kwa jambo dogo. Tangu siku hiyo nilimkataza kukikalia kiti kile, na kila usiku nikawa naichomoa kibodi na kuifungia kabatini; na nilipoikuta kompyuta imeamka hata baada ya hapo, ilhali kibodi imo kabatini na ufunguo umo mfukoni mwangu, badala ya kumwondolea lawama nilimwongezea, nikidhani kwamba amepata hila nyingine. Dhana ikishatangulia kukaa kitini, kila hoja inayoingia mlangoni huitii.

Mwezi wa Novemba alimaliza mtihani wake akarejea kwa mama yake Korogwe. Wiki ile ile nilimwita fundi mmoja wa mjini, aliyeitazama kompyuta kwa dakika chache akatoa rai kwamba mfumo wake wote umeharibika na hauna budi kufutwa na kuwekwa upya. Akafanya hivyo, nikamlipa. Kwa muda wa wiki tatu kompyuta ililala kama mtoto mchanga, na mimi, Mungu anisamehe, niliichukua amani ile kuwa ndiyo ithibati ya kosa la kijana. Sikufikiri kwamba nilikuwa nimebadili mambo mawili kwa pamoja, kuondoka kwa mtu na kufutwa kwa mfumo. Wala sikutambua kwamba lilikuwapo na la tatu, ambalo nitalieleza mahali pake. Wiki ya nne mama aliniambia, bila ya kuongeza neno, "Imeanza tena." Na sebuleni hapakuwa na mtu.

Niliyemwendea baada ya hapo alikuwa binti mmoja aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta si mbali na soko, ambaye niligundua nilipofika kwamba mdogo wake alipata kuwa mwanafunzi wangu. Aliniamkia, akanipa kigoda, na kabla hajaigusa mashine aliniuliza swali ambalo katika miezi yote ile sikuwa nimejiuliza.

"Mwalimu, inakataa kulala, au inalala kisha inaamka?"

Nilimjibu kwamba sijui kama kuna tofauti, kwa kuwa yote mawili mwisho wake ni kuikuta imeamka asubuhi.

"Tofauti ipo kubwa," alisema. "Inayokataa kulala, kuna anayeizuia. Inayolala ikaamka, kuna anayeiamsha. Hao hawatafutwi mahali pamoja."

Kisha alinifafanulia jinsi mambo yalivyofika hapo, nami baadaye niliyasoma mwenyewe nikayaona ni kweli. Utaratibu wa kwanza wa pamoja wa kuongoza umeme wa kompyuta, ulioitwa APM, uliotolewa mwaka 1992, uliacha amri ya kulala mikononi mwa programu ya msingi iliyomo ndani ya ubao wa mashine, nayo ilikisia tu kwa kutazama kama viungo vya mashine vinatumika, bila ya kujua ni kazi gani inayoendelea juu yake. Mwezi wa Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni mpya iitwayo ACPI, iliyohamisha amri hiyo na kuikabidhi kwa mfumo endeshi, ambao huijua kila programu na kila kiungo kilichounganishwa. Faida yake ni kubwa, kwani mtu anayeandika diski au anayetazama filamu hakatizwi katikati; lakini tangu hapo kulala kumekuwa jambo la mashauri. Kila programu na kila kiungo kina haki ya kusema, "Subiri, bado nina kazi," na mmoja akisema hivyo mashine haitalala yenyewe hata zipite saa sita bila ya mtu kuigusa. Na vivyo hivyo katika kuamka, kuna viungo vilivyopewa idhini ya kugonga mlango.

Lililonishangaza si hilo. Lililonishangaza ni kwamba mashauri yote hayo huandikwa. Mfumo wa kompyuta yangu ulikuwa Windows, na binti alifungua lile dirisha jeusi la amri, kwa haki ya msimamizi, akaandika neno moja, powercfg, pamoja na nyongeza tofauti tofauti. Akiandika powercfg /requests, mashine hutaja anayeizuia kulala kwa wakati ule. Akiandika powercfg /lastwake, hutaja aliyeiamsha mara ya mwisho. Akiandika powercfg /waketimers, hutaja ahadi zilizowekwa za kuamshwa saa fulani. Na powercfg /devicequery wake_armed hutaja viungo vyenye idhini ya kuamsha. Zaidi ya hayo, kuna daftari la matukio ambamo kila kuamka huandikwa: saa iliyolala, saa iliyoamka, na sababu yake. Muda wote ule niliokuwa nikimhoji mtoto, shahidi alikuwa amekaa mezani, na hapana aliyemwuliza.

Kwa kuwa fundi wa kwanza aliufuta mfumo, daftari la miezi ya kijana lilikuwa limepotea nao, na jambo hilo lilinisikitisha kuliko fedha nilizolipa. Lakini la wiki zile za karibuni lilikuwapo, nalo lilisema waziwazi: usiku baada ya usiku, saa nane kamili, mashine iliamshwa na saa iliyotegwa kwa ajili ya matengenezo ya mfumo wenyewe, kwani matengenezo hayo huwekewa saa hiyo tangu mwanzo, kwa dhana kwamba wenye nyumba wamelala. Saa nane za usiku, ndiyo saa aliyoitaja mama.

Binti akaendelea. Kompyuta iliyoamshwa namna hiyo, bila ya mtu mbele yake, haingoji muda wa kawaida. Hurudi kulala baada ya dakika mbili tangu kazi iliyoiamsha kwisha. Ndiyo sababu siku nyingine ilinyamaza kabla mama hajatoa salamu. Lakini kwa nini siku nyingine ilikesha mpaka alfajiri? Hapo alinitaka nifungue programu zote ninazozitumia, kama nizifunguavyo nyumbani, kisha akauliza tena kwa powercfg /requests. Na mashine ikajibu kwamba kifaa cha sauti kimeshikwa, kuna mkondo wa sauti unaotumika. Akazifunga programu moja baada ya moja, akiuliza kila mara. Alipoifunga ile niliyokuwa nikirekodia sauti za wavuvi, zuio likatoweka.

Programu ile, hata nisiporekodi neno, ilikuwa ikiiacha maikrofoni wazi ili ioneshe kipimo cha sauti, na kwa kuiacha wazi ilikuwa ikiuambia mfumo kwamba kazi inaendelea. Mimi nilipoilaza kompyuta kwa mkono, ilitii, kwa maana amri ya mwenyewe hupita juu ya mazuio ya namna hii. Lakini saa nane ilipoamshwa kwa matengenezo, na matengenezo yakaisha, ilitaka kurudi kulala ikakuta maikrofoni imeshikilia mlango. Usiku niliokuwa nimeifunga programu, ililala. Usiku nilioiacha wazi, ilikesha. Na zile wiki tatu za amani, ambazo nilizihesabu kuwa hukumu juu ya mpwa wangu, zilikuwa ni wiki ambazo mfumo ulikuwa mpya na mimi sikuwa nimeirudisha programu ya kurekodia, kwa sababu msimu ule wazee wangu wawili walikuwa wagonjwa na sikuwa na mtu wa kumrekodi. Hilo ndilo la tatu nililoahidi kulieleza. Aliyekuwa akiikeshesha kompyuta nilikuwa mimi.

Lilikuwapo na tatizo dogo la pembeni, nami nilitaje kwa ajili ya wanaokaa karibu na bahari. Katika daftari, mara nne au tano, aliyeamsha hakuwa saa bali kipanya, na saa zake hazikuwa na mpango. Binti aliniuliza meza iko wapi. Nilimwambia iko dirishani, ina kitambaa cha kufuma. Na ulikuwa msimu wa kaskazi. Upepo ulipoingia uliinua kitambaa chini ya kipanya, na jicho lake likaona mwendo likadhani ni mkono wa mtu. Tulikinyima kipanya idhini ya kuamsha, tukaiachia kibodi peke yake, na kitambaa nikakiondoa. Kadi ya mtandao nayo ilikuwa na idhini. Huamshwa kwa wito maalumu ambao huanza kwa baiti sita za alama moja, kisha anwani ya kadi yenyewe ikarudiwa mara 16, kama mtu anayeitwa jina lake mara nyingi ili asikosee kuwa ni yeye. Hakuna aliyekuwa akiniitia kompyuta yangu kwa mbali, basi tuliizuia hiyo pia, ingawa haikuwa imetenda kosa lolote.

Matengenezo ya saa nane tuliyahamisha yakawa adhuhuri, wakati ambapo mimi mwenyewe niko macho, na idhini yao ya kuamsha tukaiondoa. Binti hakunidai ila fedha kidogo ya muda wake. Nilipomwuliza alijifunza wapi, aliniambia kwamba alichoka kufuta mifumo ya watu bila ya kujua kwa nini.

Usiku ule niliifunga programu ya kurekodia nikailaza kompyuta, na asubuhi, kabla sijamsalimu mama vyema, nilimwuliza kama alisikia kitu. Alisema hakusikia chochote ila bahari. Nikamweleza yote, kwa urefu, kama ninavyoeleza hapa: saa iliyotegwa, maikrofoni, kipanya, na jinsi maneno yake mwenyewe ya mara ya kwanza yalivyokuwa yamebeba nusu ya jibu, kwani yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kuna usiku wa namna mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua mchele kwenye ungo. Kisha aliniuliza:

"Na mtoto umekwisha mwambia?"

Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimeshughulika na mashine siku mbili nzima, nimejua nani aliiamsha na nani aliizuia, na jina la mpwa wangu halikuwa limenijia mdomoni hata mara moja. Nilifikiri kumpigia simu, lakini niliona kwamba maneno niliyomtuhumu nayo nilimwambia uso kwa uso, sebuleni, mbele ya bibi yake, na kwamba haifai kuyarudisha kwa njia iliyo nyepesi kuliko ile niliyoyapelekea. Siku ya Jumamosi nilipanda basi la Korogwe. Nilimkuta nje ya nyumba akimsaidia mama yake kuanika mahindi, nikamwita pembeni nikamweleza, nikamwomba radhi. Aliinamisha kichwa akasema, "Mjomba, mimi nilikwisha sahau," nami nilijua kwa jinsi alivyolisema kwamba hakuwa amesahau.

Alikuja Tanga tena likizo ya mwezi wa sita, kumtazama bibi yake, ambaye alikuwa ameanza kudhoofika. Jioni ya siku ya kwanza nilimwambia kwamba kompyuta ni yake kama ilivyo yangu, lakini siku mbili zilipita asikikaribie kile kiti, na sikutaka kumlazimisha. Siku ya tatu, baada ya isha, nilikuwa barazani na mama nilipomsikia akitembea sebuleni, kisha akasimama. Nilipochungulia nilimwona yuko mbele ya meza, mikono nyuma, akiitazama ile taa ndogo ya kompyuta ikipepesa polepole gizani kama ifanyavyo ikiwa imelala.

"Mjomba," aliita bila ya kugeuka, "imelala. Niiamshe?"

Nilimwambia aiamshe.